Nzi Wasiotiwa Kanji

Jumatano, 2 Aprili

Mwanangu Sumaiya, salamu hizi zikukute mzima, umevaa sweta na miguu yako mikavu. Sisi huku sote hatujambo. Baba'ako hajambo, mgongo tu, na vyerehani vya watu vimemjaa kibandani mpaka hana pa kuweka miguu. Mdogo wako Shadya hajambo, anasomea mtihani, au mwenyewe ndivyo anavyosema. Bibi yako Thuwaiba kule Mkokotoni hajambo, magoti yanamuuma kwa sababu mvua iko karibu, na bata wake kumi na mmoja hawajambo, kataka na wao niwataje. Marziya wa duka la nyuzi Mlandege anakusalimu, anauliza huko mnavaa soksi mbili au tatu. Paka hajambo. Na mimi mama yako Time sijambo, wasiwasi tu, na huo unaujua.

Umenambia niweke daftari, kila siku niandike nimefunga uzi gani na unyoya gani, ili nzi mmoja akikamata samaki tujue alifungwa vipi, na mwisho nikuletee. Basi nnaandika. Niliishia darasa la tano, herufi zikienda upande utazisamehe.

Kwanza niandike nilivyofahamu, nikikosea unirekebishe. Mto wenu huko Rungwe ni wa baridi na una samaki anaitwa trauti. Huyo hali chambo cha pweza wala dagaa, anakula wadudu wanaotua juu ya maji. Basi wavuvi wa klabu yenu humdanganya kwa nzi wa bandia, manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo. Nzi hao wanatoka Ulaya, wanachelewa, wanakwisha. Weye umo kwenye majaribio ya kazi hapo klabuni, miezi mitatu. Ukamwambia mkubwa wako, Bwana Mwakyusa, "Mama yangu anashona kofia za viua, vile vitundu vidogo vya sindano, vidole vyake vinaweza." Akasema haya, tuone. Mwisho wa Mei wanachama wanakuja kuvua, na samaki akila, unabaki na kazi. Asipokula, unarudi nyumbani.

Ndivyo? Maana umeniweka pabaya, mwanangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Baba'ako kanitengenezea jiliwa ya kubania ndoana. Kachukua koleo bovu, kalisaga meno, kalifunga juu ya kipande cha ubao. Kasema, "Mama Sumaiya, miaka yote nnakutengenezea cherehani, leo nnakutengenezea nzi."

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Marziya kutafuta uzi mwembamba kuliko wote alionao, hudhurungi na kijani cha tope.

"Kofia ya nani rangi hiyo, Bi Time? Ya maiti?"

"Si kofia. Nzi."

Akavua miwani. "Soko zima la Darajani wanafukuza nzi, weye unawatengeneza?"

Nikamwelezea. Akacheka mpaka akakaa. Lakini unamjua Marziya, ana upepeo wa manyoya ya tausi ukutani tangu enzi za mama mkwe wake. Kapanda kiti, kachomoa unyoya mmoja, kanipa. "Chukua. Hao samaki wako wanakwenda harusini?"

Manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu nimepata kwa wachinja kuku. Nimeyaosha mara tatu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imeanza. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana. Nimeweka bakuli.

Jumanne, 8 Aprili

Nzi wa kwanza. Nimeanza baada ya kuosha vyombo mpaka adhana ya adhuhuri. Kichwa kikubwa kama cha mende. Nimemfumua.

Jumatano, 9 Aprili

Watatu. Nimewafumua wote. Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nimepata. Andika hivi: mkia ni nyuzi tano za unyoya wa jogoo. Kiwiliwili ni manyoya ya paka yaliyobaki kwenye kitana, nimeyasokota juu ya uzi uliopakwa nta. Katikati nimezungusha uzi mmoja wa tausi, unameta kijani. Shingoni unyoya wa jogoo umezungushwa mara tisa kama ukosi. Uzi mizunguko kumi na tano, fundo, basi.

Lakini ukosi ulikuwa umelala. Na kofia ikilala unafanyaje? Nimepika kanji ya muhogo nyepesi, nikachovya, nikaanika kwenye jua la dakika kumi tulilolipata. Manyoya yakasimama kila moja peke yake. Nimewapanga sita juu ya sahani nyeupe nikamwita baba'ako. Kawatizama, kasema, "Hawa ukiwafungulia dirisha wataruka."

Nimefurahi, sikufichi.

Jumamosi, 12 Aprili

Umepiga simu dakika nne, mtandao ukakatika. Baada yake Shadya kateleza ulimi: "Afadhali dada kapata viatu vipya, maana vile vya mwanzo vilichukuliwa na mto."

"Mto umechukua vipi viatu?"

Akarudi kwenye vitabu vyake. Nikamkazania mpaka akasema. Mwezi uliopita umeteleza kwenye jiwe, maji yakakubeba mpaka kwenye mti, Bwana Mwakyusa akakuvuta kwa fimbo. Baba'ako anajua. Shadya anajua. Nadhani hata paka anajua.

Sikula leo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nzi arubaini wamekwenda. Abid, mpwa wake Marziya, anayekwenda Dar kila Jumatatu kufuata mali, kawachukua. Huko atawatia kwenye basi la kwenu. Nimewapanga ndani ya kopo la pipi, kila mmoja kwenye pamba yake. Wamesimama kama askari.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nimeota umesimama kwenye maji mpaka kifuani. Ukiota maji wanasema ni kheri. Mimi sijui.

Jumapili, 20 Aprili

Baba'ako karudi na habari, na fomu mkononi. Kule Tunguu, chuoni, wanataka karani. Mume wa mteja wake mmoja wa cherehani yumo humo, kasema mwanetu alisoma pale pale, akileta fomu watamtizama vizuri. Nafasi inafungwa katikati ya Juni. Tunguu, mwanangu! Unatoka asubuhi, alasiri upo nyumbani unakula chakula cha moto. Hakuna mto.

Baba'ako kasema, "Kwanza tungoje tusikie ya samaki." Nimesema ndio. Fomu nimeitia kabatini.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua mchana kutwa. Kofia mbili za watu hazikauki.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nitaandika marefu.

Umepiga baada ya alasiri. Ulipoamkia tu nikajua.

"Marahaba mwanangu. Samaki wamekula?"

"Mama, uliwatia nini wale nzi?"

Ukanambia yote. Walipofika, Bwana Mwakyusa aliwasifu, kasema hajaona kazi safi kama hiyo, mmoja akambandika kwenye kofia yake. Kisha mkaenda mtoni na wanachama wawili. Walipogusa maji, ukosi ukalegea, nzi akawa tonge la uji, akazama. Wa pili hivyo hivyo. Wa kumi hivyo hivyo. Mmoja wa wale wazee akasema, "Mama'ako katuletea chai na maandazi?" Wakacheka wote na weye ukacheka nao, ukaenda kukaa nyuma ya gari.

Nikasema, "Niliwatia kanji kidogo, ili wasimame."

"Kanji."

"Kidogo tu."

"Mama, unafua kofia za watu tangu mimi sijazaliwa. Kila kofia unayofua kanji inatoka, unaitia upya. Hujui kuwa kanji inatoka majini?"

Kisha ukasema kwa sauti ya chini, kama vile hutaki aliye karibu asikie, "Au hukutaka nikae huku? Sema kweli, mama."

"Astaghfirullahi, Sumaiya! Neno gani hilo?"

Nikasikia mvua yenu kwenye bati, na yetu huku. Mtandao ukakatika, au uliukata weye. Nimekaa na simu mkononi mpaka Shadya kaja kuniuliza chumvi iko wapi.

Jumapili, 27 Aprili

Sikufanya kitu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilifikiria kukichana kikaratasi cha leo nisikuletee. Lakini umesema niandike nilichofanya, na hiki nacho nimekifanya.

Wallahi sikutia kanji ili nzi wazame. Mkono ulikwenda wenyewe. Mimi kitu kisichotiwa kanji kwangu hakijaisha, ni kama kumpeleka mtoto skuli hajachana nywele. Kofia unaijaribu kichwani, hujaribu majini. Wala haikunijia kuwa nzi kazi yake ni maji. Hiyo ndiyo kweli.

Na kweli ya pili ni hii. Uliponambia wamezama wote, kabla sijakuonea huruma, moyo wangu ulifurahi. Kidogo, kama mtu aliyeangusha kitu kikadakwa. Nilisema kimoyomoyo, atarudi. Fomu iko kabatini. Halafu ndiyo ukaniuliza, na mimi nikakutajia Mungu kwa sauti kubwa kwa sababu ulikuwa umegonga mlango na mwenye nyumba yumo ndani.

Nisamehe. Mimi nikifikiri mto, nnaona mti ule uliokushika.

Alhamisi, 1 Mei

Marziya kaniuliza, "Wamekula?" Nikamwambia. Hakucheka safari hii. Kasema, "Bi Time, mimi Abid alipokwenda Dar mara ya kwanza nilimfichia kitambulisho. Siku tatu anakitafuta. Kilikuwa ndani ya pipa la mchele." Nikamuuliza kisha ikawaje. "Kikatoka kina wadudu, akaenda nacho hivyo hivyo."

Jumamosi, 3 Mei

Hukupiga. Lakini bahasha yako imefika kwa Abid. Hakuna barua, nzi mmoja tu ndani ya kibati, ametafunwa, mkia hana, na kikaratasi: "Huyu amekamata samaki saba. Muda mpaka tarehe 31."

Nimelia kidogo. Umesema muda, maana yake bado unanitaka.

Jumapili, 4 Mei

Nimemfumua mzee wako wa samaki saba. Sisi washona kofia hivyo ndivyo tunavyojifunza, huulizi, unachukua kofia kuukuu, unafumua uzi mmoja mmoja, unaandika. Niliyoyaona: uzi mizunguko mitano pale mimi nilipotia kumi na tano. Ukosi mizunguko mitatu, mimi tisa. Kiwiliwili chembamba, manyoya yamechomoza ovyo. Mimi ningemwona kwa mwanafunzi wangu ningemwambia fumua, anza tena.

Ni mchafu. Ni mwepesi. Nimeelewa nusu.

Jumatano, 7 Mei

Nimefunga wanne kama yule, bila kanji. Nimewatia kwenye bakuli la paa linalovuja. Wameelea muda wa kusema Alhamdu, wakazama.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepaka mafuta ya nazi. Wameelea, lakini manyoya yameshikana kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Baba'ako kasema, "Huyo si nzi tena, huyo ni mbegu ya embe." Nimewatupa.

Mchana mkono umechukua bakuli la kanji wenyewe. Nimegutuka kijiko kishaingia. Nimelichukua bakuli mpaka Mlandege nimempa Marziya anifichie. "Sasa mimi askari wa kanji?" Nikasema ndio, nikija kulitaka usinipe mpaka Juni.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda Mkokotoni kumwona bibi yako, magoti yamemzidi. Mvua ilinishika njiani nimefika nnatiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia, usiniletee bahari ndani."

Nikakaa barazani kukausha mtandio. Uwanjani maji yametuwama. Kuku wake yuko pembeni, karowa, kawa nusu ya kuku. Na bata wote kumi na mmoja wamo katikati ya dimbwi wanapigwa na mvua, na kila tone likiwapata linabingirika kama shanga. Nimekaa nnawatizama mpaka bibi yako kaniuliza kama nnaumwa.

"Mama, bata kwa nini harowi?"

"Kwani hujui? Ana chupa yake ya mafuta hapo juu ya mkia. Kutwa anachovya mdomo anajipaka. Ukipika bata bila kuikata hiyo, mchuzi hauliki."

Nikamwambia nnataka manyoya ya pale pale, yaliyoizunguka hiyo chupa.

"Unataka kumnyonyoa bata wangu matako?"

"Kidogo tu. Ya Sumaiya."

Akaniangalia. Bibi yako haulizi sana. Kasema, "Huyo mwanao ataniua kwa kicheko," kisha kamwita yule bata dume mkali, kamshika mwenyewe na magoti yake yale, kampakata kama mtoto huku mimi nnachomoa. Bata kaniuma kidole. Nimetoka na vinyoya thalathini, laini kama moshi, kijivu. Bibi yako kasema wengine niwarudie wiki ijayo, leo wamekasirika.

Jumapili, 11 Mei

Andika hivi, na uandike kwa wino: ndoana, uzi mizunguko mitano. Mkia nyuzi tatu za jogoo. Kiwiliwili manyoya ya paka, machache, kiroboto wa upande huu anamwona wa upande wa pili. Uzi mmoja wa tausi. Kinyoya cha bata kimoja, kimefungwa kwa shina lake, kikaachwa kilale kinavyotaka. Hakuna ukosi. Hakuna kanji. Hakuna mafuta, mafuta yake anayo.

Nimewatia watano kwenye bakuli nikaenda kupika wali. Nimerudi wali ushaiva. Tone likitoka darini likiwapiga, wanakwenda chini, wanaibuka, wanajitikisa. Nimemwita baba'ako. Kachuchumaa juu ya bakuli. Kisha kasema, "Wako hai hawa."

Ni wabaya, mwanangu. Kama vumbi la chini ya kitanda. Kumpelekea mtu kazi kama hii, mkono unakataa.

Jumanne, 13 Mei

Wanane.

Jumatano, 14 Mei

Sita. Mvua imepungua.

Jumamosi, 17 Mei

Umepiga. Nimekwambia habari ya bata, umecheka, kile kicheko chako cha pua. Sikukwambia ya tarehe 28, nikasema utaisoma. Uliniuliza, "Mama, unaogopa?" Nikasema naam, nnaogopa. Umesema na weye unaogopa, maji ni baridi, lakini ukisimama kimya samaki anapita kati ya miguu yako, ana madoa mekundu ubavuni kama mtu kamtia kwa sindano. Nimeuliza madoa mangapi. Umesema utahesabu.

Jumapili, 18 Mei

Mkokotoni tena. Bata wananijua sasa, wakiniona wanakimbia.

Alhamisi, 22 Mei

Kuna mtu kaja kuchukua kofia yake, kawaona nzi juu ya meza, kauliza, "Bi Time, umeshaanza kushona uchafu?" Nikamwambia ndio, na ni kazi ngumu kuliko kofia yako.

Baba'ako kaniuliza ya fomu. "Nijaze mimi jina lake? Nikapeleke?" Nikasema ngoja.

Jumamosi, 24 Mei

Hukupiga, najua mnasafisha njia za mtoni. Nzi ni arubaini na wawili. Wawili nimewazamisha kwa kuwajaribu sana.

Jua limetoka siku nzima. Bakuli la paa ni kavu, nimelijaza maji ya ndoo.

Jumatatu, 26 Mei

Abid anaondoka na boti ya mchana, nnaandika kwa haraka.

Ndani ya kopo la pipi mna nzi arubaini. Sikuwapanga, nimewamwaga tu, wao hawana cha kuharibika. Wakirowa sana usiwakamue, wapulize. Daftari hili liko chini ya kopo, lote, na tarehe 28 imo. Usisome mbele za watu.

Fomu ya Tunguu nayo nimeitia humu. Haikujazwa. Si kwamba nnakufukuza huko, wala si kwamba nnakuzuia. Ilikuwa imekaa kabatini mwangu na haikuwa yangu. Ukiitaka jaza, usipoitaka washia moto wa chai.

Kuna kikaratasi cha bluu, ndani yake nzi mmoja peke yake. Jana nimekwenda kumtaka Marziya bakuli langu. Kasema, "Juni bado." Nikamwambia ni kwa mmoja tu. Kanisimamia mlangoni mpaka nikamaliza. Ukosi mizunguko tisa, tausi mara mbili, kanji ya kutosha. Huyo usimtie majini hata kidogo. Mbandike kwenye mtandio siku ya Jumamosi wale wazee wakija, wajue kuwa aliyefunga wale wachafu anajua pia kufunga huyu.

Baba'ako, Shadya, bibi yako na bata wake wanaongoja kuota manyoya, wote wanakusalimu. Mwanangu, Jumamosi jioni ukifika penye mtandao usianze na shikamoo, itatuchelewesha. Niambie kwanza amekula au hakula. Na ukiteleza tena, mimi ndiye wa mwanzo kuambiwa, si Shadya. Leta neno upesi. Kala au hakula, nitaliweza.